Karafuu na Iliki: kwa nini hamsta wetu wawili hawakai tena kizimba kimoja

Kabla ya usiku ule sikujua kwamba hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa ndani ya nyumba, ana sauti. Walikuwa wamekaa kwetu wiki tano, wakila, wakichimba, wakikimbia kwenye gurudumu lao mpaka alfajiri, na kimya chao kilinifanya niamini kuwa mambo ni shwari. Nilirudi kutoka zamu ya jioni karibu saa sita usiku, nikavua viatu mlangoni nisiwaamshe watu, na hapo nikasikia kutoka sebuleni mlio mwembamba, mkali, usiokatika. Nikawasha taa. Maranda yalikuwa yametapakaa hadi nje ya kizimba. Karafuu alikuwa juu, Iliki chini, chali, akimsukuma mwenzake kwa miguu yote minne. Nilipogonga waya waliachana mara moja, halafu Karafuu akamrudia.

Walikuwa dada. Tumbo moja, siku moja ya kuzaliwa.

Sikuingiza mkono. Mimi ni muuguzi, na miaka ya wodini imenifundisha kwamba anayepigania uhai wake hachagui anayemng'ata. Nilichukua ubao wa kukatia mboga, nikaupitisha katikati yao, nikamsukuma Iliki taratibu mpaka akaingia kwenye bakuli. Kisha nikamhamishia kwenye kitu pekee kirefu nilichokiona karibu, sufuria kubwa ya pilau, nikamwekea maranda na kipande cha tango. Alijibanza chini ya mpini, masikio yakiwa yamelala, ubavu ukipanda na kushuka haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika. Kwenye shina la mkia kulikuwa na damu, si nyingi. Nikajiambia kwamba ni jeraha moja, litapona.

Asubuhi, kabla binti yangu hajaamka, niliwapima wote wawili kwenye mizani ya unga. Karafuu alikuwa na gramu 131. Iliki, dada yake, mwenye kizimba kilekile, bakuli lilelile na maji yaleyale, alikuwa na gramu 92.

Nilisimama pale jikoni nikiitazama ile namba. Pengo la gramu 39 halitokei kwa usiku mmoja.

Tunaishi Halle, mashariki mwa Ujerumani, na mtaani kwetu kuna daktari wa wanyama, mama wa makamo mwenye mikono mitulivu sana. Alimshika Iliki ndani ya taulo, akanyoa manyoya ya mgongoni na tumboni kwa mashine ndogo, na kila alipopitisha ile mashine alikuta kidonda kingine. Saba kwa jumla. Viwili vilikuwa vibichi. Vingine vilikuwa vimeshafanya gamba, na kimoja chini ya paja kilikuwa kimegeuka jipu dogo. Aliniuliza ni wangapi kwenye kizimba kimoja. Nikasema wawili, dada. Akaniuliza tangu lini. Kisha akaniambia, bila kunigombeza, maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mzazi aliyeniuliza tangu siku ile: hamsta wa Syria, aina ya hawa wetu, akishakuwa mkubwa hakai na mwenzake. Si dada, si mama, si mume.

Ninaandika haya kwa sababu Waswahili tunaoishi huku ughaibuni tunaingia kwenye jambo hili kwa mlango mmoja. Mtoto anataka mnyama. Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, mbwa haruhusiwi, paka ana gharama. Hamsta ni mdogo, ni wa bei nafuu, na kila mwanafunzi darasani anamjua. Halafu mzazi anamtazama yule mnyama mdogo peke yake nyuma ya kioo, na moyo unamwambia: huyu atapata upweke. Anaongeza wa pili kwa huruma. Mimi nilifanya hivyohivyo, na ninajua huruma yangu ilitoka wapi.

Nilikulia Iringa. Jikoni kwa bibi simbilisi walikuwa wakizunguka sakafuni, kumi, kumi na watano, hakuna aliyekuwa akiwahesabu, na kila bibi alipoingia na majani walipiga miluzi kwa pamoja. Walilala wakiwa wamerundikana nyuma ya mafiga kwenye majivu ya moto. Ukimchukua mmoja ukamfungia peke yake kwenye debe, alinyamaza na kuacha kula. Simbilisi ni mnyama wa kundi kabisa, na nchini Uswisi sheria tangu mwaka 2008 inakataza kumfuga peke yake. Kwa hiyo mimi nilipomwona hamsta, mnyama mwenye manyoya, mviringo, mla mbegu, niliona simbilisi mdogo. Nilimpa mnyama wa nyanda kavu maisha ya jikoni kwa bibi.

Muuzaji dukani naye alinisaidia kukosea. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alisema kwa uhakika kwamba majike wawili wa uzao mmoja wakikua pamoja hawatagombana kamwe. Siku ile walikuwa na wiki tano, na kweli walikuwa wamelala wakiwa wamefumbatana, pua ya mmoja ndani ya tumbo la mwingine. Picha ile ndiyo inayouza hamsta wawili badala ya mmoja. Sasa najua kwamba ilikuwa picha ya watoto. Watoto wa hamsta hukaa pamoja mpaka wanapofika wiki ya sita, ya saba, ya nane hivi. Baada ya hapo tabia ya mtu mzima inaingia na kila mmoja anataka mwenzake aondoke. Tuliwanunua wakiwa bado watoto, tukashuhudia wiki chache za amani, tukadhani hiyo ndiyo tabia yao.

Binti yangu aliwaita Karafuu na Iliki kwa rangi zao, mmoja wa kahawia iliyoiva, mwingine aliyefifia kama ganda la iliki kavu. Ana miaka tisa. Tuliporudi kutoka kwa daktari swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza akiwa amesimama katikati ya sebule na koti lake bado mwilini: "Baba, Karafuu amekuwa mbaya?"

Sikutaka kumjibu haraka. Nikasoma kwanza, usiku, baada ya zamu, kwa wiki kadhaa.

Hamsta wa Syria wa porini anatoka kwenye eneo dogo sana, nyanda za juu zinazouzunguka mji wa Aleppo na kuingia kidogo kusini mwa Uturuki. Watafiti waliochunguza mashimo yao huko kaskazini mwa Syria, wakachapisha matokeo mwaka 2001, hawakukuta hata shimo moja lenye wakubwa wawili. Kila shimo na mwenyewe. Mashimo yalikwenda chini wastani wa sentimita 65, mengine zaidi ya mita moja, na mashimo mawili yenye wenyeji yaliyokaribiana kuliko yote yalitenganishwa na mita 118. Nilikwenda na binti yangu kwenye njia ya bustani nyuma ya nyumba yetu, tukahesabu hatua mpaka tukafika mita 118. Tulifika karibu na kituo cha tramu. Aligeuka akatazama dirisha letu kwa mbali, asiseme kitu.

Ardhi ile ni kavu. Mvua ni chache, nafaka na mbegu zinapatikana kwa msimu, na mnyama anaishi kwa kile alichokibeba kwenye vifuko vya mashavu na kukificha chini. Wajerumani wana kitenzi kilichotokana na jina la mnyama huyu, na maana yake ni kulimbikiza vitu ndani kwa hofu ya kukosa kesho. Ghala la mmoja haliwatoshi wawili. Ndiyo maana kila hamsta hujisugua ubavu kwenye kuta na mawe. Pale ubavuni ana tezi, doa dogo jeusi chini ya manyoya, na harufu yake ni kama hati ya kiwanja. Anayeisoma hugeuka. Asipogeuka, mwenye nyumba hutoka. Wanakimbizana, anayezidiwa anakimbia, na mambo yanaishia hapo, kwa sababu uwanda ni mkubwa.

Kwenye kizimba anayezidiwa anakimbilia wapi? Hili ndilo jambo lililonikaa moyoni kuliko mengine yote. Kizimba chetu kilikuwa na urefu wa sentimita 80. Iliki alikuwa akifanya kile ambacho mababu zake walifanya siku zote, alikuwa anakimbia, na kila alipokimbia alifika ukutani. Karafuu naye kila alipogeuka alimkuta mvamizi yuleyule bado ndani ya shimo lake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anafanya kosa. Nilimwambia binti yangu hivyo: Karafuu si mbaya, sisi ndio tuliomfungia mgeni chumbani kwake na kuondoka na ufunguo.

Historia ya hamsta hawa inaanza na tukio ambalo lingetosha kuwa onyo. Mwaka 1930 mwanazuoni wa wanyama kutoka Jerusalem, Israel Aharoni, alikwenda Aleppo kutafuta hamsta kwa ajili ya mwenzake Saul Adler, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa leishmania. Vibarua walichimba shamba la ngano mpaka karibu mita mbili na nusu, wakamkuta mama mmoja na watoto kumi na mmoja. Wakamweka na wanawe ndani ya sanduku. Mama yule, akiwa ametolewa ardhini na kuwekwa mahali pasipo na giza wala shimo, alimuua mmoja wa watoto wake mwenyewe. Aharoni akamwondoa mama na kuwalea watoto kumi waliobaki kwa mkono, yeye na mkewe. Baadhi yao walitoroka baadaye, wakapotea. Kutoka kwa wale wachache waliosalia, ndugu kwa ndugu, walizaliwa hamsta wa maabara, mwaka 1931 wakafika Uingereza, mwaka 1938 Marekani, na kutoka maabara wakaingia vyumbani kwa watoto. Karibu kila hamsta wa Syria anayefugwa leo duniani ana damu ya lile shimo moja. Karafuu na Iliki pia.

Nikisoma habari ile namwonea huruma yule mama. Watu husimulia kwamba hamsta hula watoto wake kama vile ni ukatili wa kuzaliwa nao. Huko Alsace, Ufaransa, wako hamsta wa porini wa aina nyingine, wakubwa, na mashamba yao yamejaa mahindi matupu. Watafiti wa Strasbourg walionyesha mwaka 2017 kwamba majike waliolishwa mahindi walikula watoto wao, na walipoongezewa vitamini B3 waliacha. Ilikuwa njaa ya kitu kimoja kinachokosekana kwenye chakula. Mimi nafanya kazi na wagonjwa, nimeona binadamu wakibadilika tabia kwa upungufu wa kitu kidogo kama hicho, kisha watu wakasema "ndivyo alivyo."

Methali yetu inasema fahali wawili hawakai zizi moja, na mama yangu aliitaja nilipompigia simu Iringa kumweleza. Lakini kwa hamsta wa Syria jike ndiye mkubwa, na mara nyingi ndiye mkali zaidi. Humkubali dume kwa saa chache tu za jioni anapokuwa kwenye joto, kila baada ya siku nne hivi. Nje ya saa hizo dume akiingia kwake atapigwa, na asipopata pa kutokea anaweza kuuawa. Kwa hiyo hata wazo la "mume na mke waishi pamoja" halisimami. Na likisimama kwa hizo saa chache, mimba ni siku 16 tu, watoto wanaweza kuwa wanane, kumi au zaidi, na kabla hujajua la kufanya una vizimba kumi vya kutafuta.

Kuna jambo jingine lililonigusa kama muuguzi. Hamsta wametumika miaka mingi maabara kuchunguza kinachotokea ndani ya mnyama aliyeshindwa, kwa sababu ukimwingiza mmoja kwenye kizimba cha mwingine ugomvi hutokea karibu kila mara. Walichokiona ni kwamba hamsta aliyepigwa vibaya, hata mara moja, anaweza kuacha kabisa kujitetea. Ukimweka baadaye na hamsta mdogo, asiye na fujo, yeye hukimbia au hujilaza. Kwa hiyo kutokuona damu si ushahidi kwamba wanapatana. Huenda mmoja wao ameshakata tamaa.

Nikakumbuka wiki zile tano, na mambo niliyoyaona nisiyaelewe. Mimi ndiye niliyekuwa macho usiku pale nyumbani. Niliona mengi kuliko mke wangu na binti yangu. Iliki alikuwa amehamia kwenye bomba la karatasi karibu na maji, nikadhani anapenda ubaridi. Gurudumu lilikuwa la Karafuu usiku kucha, nikadhani Iliki ni mvivu. Tukiweka chakula Karafuu alijaza mashavu, akaenda kuficha, akarudi kujaza tena mpaka bakuli likabaki tupu, sisi tukacheka na kupiga picha. Iliki alikuwa akisubiri nyuma ya kibanda mpaka mwenzake alale. Mara mbili nilimwona Karafuu akimfuata pole pole, akimnusa nyuma, na Iliki akajigeuza chali na kutulia. Binti yangu alisema wanacheza. Nilikubali.

Kama una hamsta wawili nyumbani sasa hivi na unasoma haya, usingoje usikie ule mlio. Mpime kila mmoja kwa mizani ya jikoni leo, na tena baada ya siku tatu. Puliza manyoya taratibu mgongoni, tumboni na karibu na mkia. Vidonda vya meno ya hamsta ni vidogo, vinajificha, na vinatunga usaha. Tazama nani analala wapi. Kama ni wa Syria, wale wakubwa wanaojaa kiganja, watenganishe hata kama hujaona lolote, na uwatenganishe moja kwa moja. Usijaribu kuwapatanisha baada ya wiki moja, usiwape "saa ya kucheza" pamoja sakafuni, usiweke kizigeu cha waya katikati ya kizimba kimoja, maana watang'atana miguu kupitia waya na harufu ya adui haitawapa usingizi. Na ukikuta jeraha, tafadhali usifungue kabati la dawa za nyumbani. Amoksilini tunayoijua sisi sote inaweza kumuua hamsta kwa kuharibu bakteria wema wa tumboni mwake. Iliki alipewa dawa nyingine, matone mawili asubuhi na jioni, kwa siku kumi.

Vipi kuhusu wale wadogo wadogo? Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu watu wengi husema "hamsta" kana kwamba ni mnyama mmoja. Kuna hamsta vibete: wa Campbell, wa Siberia ambaye hugeuka mweupe siku za baridi zikifupika, na wa Roborovski, mdogo kuliko wote, mwenye nyusi nyeupe na mbio za ajabu. Hawa si sawa na wa Syria. Dume la Campbell ameonekana akimsaidia jike wakati wa kuzaa, akiwalamba watoto na kuwasafisha pua ili wapumue, jambo ambalo kwa panya wengi hulioni. Wapo watu wenye jozi za Roborovski, ndugu wa jinsia moja waliolelewa pamoja tangu kuzaliwa, waliozeeka kwa amani. Nimewaona kwa macho yangu kwa jirani, wawili wamelala kwenye sanduku la mchanga, kila mmoja ameweka mguu juu ya mwenzake.

Lakini jirani yuleyule ana kizimba cha pili kimekunjwa nyuma ya kabati, tayari, kwa sababu jozi yake ya kwanza ilivunjika baada ya mwaka mzima wa kulala pamoja. Hilo ndilo la kuzingatia: kwa vibete amani inawezekana, ila haina dhamana, na inaweza kukatika siku moja bila wewe kubadilisha kitu. Ama mmoja alipelekwa kwa daktari akarudi na harufu ngeni, ama umri umesogea, ama hakuna sababu unayoiona. Anayetaka kujaribu ahakikishe kila kitu ni viwili, magurudumu mawili, mabakuli mawili, chupa mbili za maji, na vibanda vyenye matundu mawili ili asiwepo wa kuzibiwa njia. Asichanganye aina. Asimlete mgeni kwa mwenyeji. Hamsta wa Kichina, mwembamba mwenye mkia unaoonekana, mchukulie kama wa Syria na umweke peke yake. Mimi binafsi, nikiulizwa na mzazi ambaye ndiyo kwanza anaanza, namwambia mmoja tu, wa aina yoyote. Sijaona bado hamsta aliyeugua kwa sababu ya kuwa peke yake.

Kinachomuumiza akiwa peke yake ni udogo wa mahali. Hapo ndipo ile fedha ya hamsta wa pili ilipaswa kwenda. Madaktari wa wanyama hapa Ujerumani wanaoshughulikia ustawi wa wanyama wanataka angalau sentimita 100 kwa 50, na 50 kwenda juu. Vizimba vingi vya rangi rangi madukani havifikii hata nusu. Uswisi walifanya jaribio na maranda ya kina tofauti, sentimita 10, 40 na 80. Waliokuwa na sentimita 10 walitafuna waya kwa muda mrefu, tabia ile ambayo wengi tunadhani ni ya kawaida ya hamsta. Waliokuwa na 80 hawakutafuna kabisa. Walikuwa chini, wanachimba. Mnyama anayeguguna waya usiku kucha haombi rafiki. Anaomba ardhi.

Tulifanya tulivyoweza. Kabati la zamani la vitabu tulilaza, tukaondoa rafu, fundi wa mtaani akatuwekea kioo mbele, na Iliki akapata sentimita 120 na maranda mpaka kifuani kwa binti yangu akipiga magoti. Karafuu alibaki sebuleni kwenye kizimba kipya. Iliki alikwenda chumba cha binti yangu, milango miwili katikati yao. Wiki ya kwanza hakutoka mchana wala usiku, nilijua yu hai kwa sababu tango lilipungua. Wiki ya pili nilimkuta kwenye gurudumu, saa tisa usiku, akipiga hatua chache, anasimama, anasikiliza, anapiga tena. Nilikaa sakafuni gizani nikamtazama mpaka miguu ikafa ganzi. Mwezi ulipoisha mizani ilisoma gramu 124.

Binti yangu alichukua muda zaidi. Alilia kwamba tumewatenga ndugu. Kwetu ndugu hawatengwi. Yeye mwenyewe analala na binamu zake watano kitanda kimoja tukienda Iringa, na ndizo siku anazozikumbuka mwaka mzima. Sikuweza kumshawishi kwa maneno. Kilichomgeuza ni kiangazi, tulipotembea kando ya mashamba ya ngano nje ya mji. Huko bado wako hamsta wakubwa wa porini wa Ulaya, ambao zamani watu wa hapa waliwatega kwa ajili ya ngozi na leo wanakaribia kutoweka, kiasi kwamba wakulima wengine hulipwa waache mistari ya ngano bila kuvunwa kwa ajili yao. Tulikuta shimo moja, wima, safi, lenye upana wa ngumi yangu. Hatukumwona mwenyewe. Binti yangu alilala kifudifudi akachungulia ndani, kisha akauliza kama humo wanaishi wangapi. Nikamwambia mmoja. Akauliza nani alimwambia akae peke yake. Nikasema hakuna, amechagua. Alinyamaza njia nzima, na tulipofika nyumbani akaenda kwa Iliki, akafunga pazia upande wa dirisha ili pawe na giza.

Wiki iliyopita nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wale panya wenu?"

Nikamweleza kwamba Jumamosi tulikuwa tunabadilisha maranda kwa Iliki, upande mmoja tu kama daktari alivyotufundisha, tusimwondolee harufu yake yote. Binti yangu alikuwa akichota kwa mikono, na kwenye kona, chini kabisa, alifika kwenye chumba kidogo kilichosakafiwa karatasi iliyochanwa chanwa. Ndani yake kulikuwa na mbegu za alizeti zimepangwa upande mmoja, punje za mtama upande mwingine, na kipande cha karoti kilichokauka. Tangu azaliwe Iliki hakuwahi kubaki na punje hata moja. Zote zilikuwa zikienda kwa dada yake.

"Kwa hiyo ana ghala," mama akasema.

"Ana ghala, mama."

"Mkalifanyaje?"

Nikamwambia binti yangu alikwishafukia, akashindilia kwa kiganja, kisha akaenda kunawa.